Manowari Iliyotua Tanzania bila Hodi

Jumapili ya tarehe 17 Septemba 1978, Wamarekani waliokuwa wakitazama tamthilia mpya ya kituo cha ABC walikatiziwa uhondo. Picha ilihamia Ikulu ya Washington, ambako Jimmy Carter, Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israel walikuwa wakitia saini makubaliano ya amani ya Camp David. Tamthilia iliyosubirishwa ilikuwa Battlestar Galactica, na kisa chake kilianza hivi: binadamu wa makoloni 12 ya angani wako tayari kusaini amani na maadui zao, roboti waitwao Cylon. Kumbe amani hiyo ni mtego. Makoloni yanateketezwa, na manowari inayonusurika ni ya Kamanda Adama, mzee ambaye tangu mwanzo hakuwaamini wale roboti.

Mtu hakuhitaji kufafanuliwa hapo. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, Washington na Moscow zikibishana juu ya kupunguza makombora, na mtunzi Glen Larson alikuwa na jibu lake: mwanasiasa anayemkumbatia adui atawaponza, kwa hiyo mwachieni mwanajeshi usukani. Tamthilia ilidumu msimu mmoja ikafutwa.

Robo karne baadaye ilifufuliwa na Ronald D. Moore, mwandishi aliyejijengea jina kwenye Star Trek. Alianza kuitafakari kazi hiyo miezi michache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na toleo lake likarushwa na Sci Fi Channel Desemba 2003. Safari hii Cylon wameundwa na binadamu wenyewe, kisha wakaasi. Baadhi yao wana sura ya mtu, wanatoka jasho, wanapenda, wanalia. Tena wanaabudu Mungu mmoja, huku binadamu wakiabudu miungu mingi. Mtazamaji wa Marekani, aliyezoea kumtambua gaidi kwa dini yake, alikuta anayekuja kumwangamiza ndiye anayesali karibu kama yeye.

Serikali nzima imeuawa, hivyo urais unamwangukia waziri wa elimu, Laura Roslin, aliyekuwa wa 43 katika orodha ya warithi. Anaapishwa ndani ya chombo cha abiria kwa picha iliyonakiliwa waziwazi kutoka kiapo cha Lyndon Johnson ndani ya ndege mwaka 1963. Idadi ya walionusurika anaiweka kwenye ubao: mtu akifa inafutwa na kuandikwa upya. Katika kipindi cha kwanza inasomeka 50,298. Takwimu hiyo ndiyo itakayomfanya baadaye apige marufuku utoaji mimba, yeye aliyeutetea maisha yake yote.

Waigizaji wa zamani hawakufurahi wote. Dirk Benedict, aliyeigiza rubani Starbuck mwaka 1978, aliandika kwa hasira Starbuck alipogeuzwa mwanamke. Mwenzake Richard Hatch naye alipinga mwanzoni, kisha akakubali kurudi, na akapewa nafasi nzuri kuliko ile ya ujanani: Tom Zarek, mfungwa wa siasa wa miaka 20. Kwa watu wa koloni lake lililonyonywa ni mkombozi, kwa wengine ni mlipuaji wa mabomu. Uamuzi anaachiwa mtazamaji.

Mapema mwaka 2005, mwaka mmoja haujatimia tangu picha za gereza la Abu Ghraib ziufedheheshe utawala wa George W. Bush, Starbuck alionekana akimhoji mateka wa Cylon. Anakula mbele yake huku mateka ana njaa. Kisha anaamuru kichwa chake kizamishwe kwenye ndoo ya maji, mara ya kwanza, ya pili, tena na tena. Rais Roslin anaingia, anakemea ukatili huo, anamwahidi mateka usalama, anapata taarifa anayoitaka, halafu anaamuru atupwe nje angani. Anayeonekana mstaarabu ndiye anayeua.

Lakini kilele, kwangu mimi, ni Oktoba 2006, wakati Iraki ikiwaka. Binadamu wamejenga mji kwenye sayari New Caprica, na Cylon wamekuja kuukalia kijeshi. Wameunda kikosi cha polisi wa kienyeji, wanaovaa vinyago wasitambuliwe na majirani. Kijana mmoja aliyefiwa na mkewe anajiunga nacho, anahudhuria mahafali ya wenzake akiwa amefungasha bomu mwilini, na analilipua. Aliyemtuma ni Kanali Tigh, mmoja wa wale tunaowashangilia. Kwa hiyo Mmarekani, ambaye wanajeshi wake walikuwa wakilipuliwa Baghdad kila siku, aliketishwa upande wa mlipuaji. Sijui tamthilia nyingine ya wakati ule iliyothubutu kiasi hicho.

Heshima ilikuja. Tarehe 17 Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika watayarishaji na waigizaji makao yake makuu New York, wajadili haki za binadamu, ugaidi na watoto vitani, Whoopi Goldberg akiongoza mazungumzo.

Siku tatu baadaye kikarushwa kipindi cha mwisho. Manusura wanafika kwenye dunia yetu, miaka 150,000 iliyopita, na jarida linalosomwa mwishoni linaitaja nchi: Tanzania. Hapo ndipo mkono wa watunzi ulipoteleza. Wageni wanawachungulia wenyeji kwa darubini kutoka kwenye majani marefu, wanaona mikuki, wanaafikiana kwamba hao bado hawana lugha na kwamba wanaweza kuzaa nao. Mmoja anapendekeza wawagawie mema yao, silaha waziache. Vyombo vyao vinapelekwa kuungua kwenye jua, nao wanatawanyika kujitafutia mahali pa kukaa. Hakuna anayeuliza ardhi ina wenyewe au la. Watunzi waliokuwa wametuonyesha kwa uchungu wote maisha chini ya mvamizi mwenye nguvu, hapa hawakumwandikia mwenyeji hata neno moja la kutamka. Nyika yenyewe waliipiga picha Kanada.