Buriani

Aghalabu neno buriani tunaliona siku hizi juu ya tanzia magazetini, limeshika mahali pa kwaheri, ilhali asili yake, katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuepukana na deni au lawama, ni kumwomba mwenzio akutoe katika dhima uliyo nayo kwake kabla hamjaachana. Ndiyo maana watu wa mwambao husema kutakana buriani: baharia apandaye chomboni, au mgonjwa aliyezidiwa, humwambia jamaa yake, “Nisamehe, ndugu yangu, kwa nilokukosea,” naye huitikia, “Nimekusamehe, nawe nisamehe.” Huko kisiwani Juani, katika Mafia, penye magofu ya Kua, mji uliohujumiwa na Wasakalava wa Bukini (Madagaska) mapema katika karne ya 19, husimuliwa kwamba watu wa Kua walishusha jahazi lao jipya juu ya miili ya watoto wa mji jirani wa Kisimani, na kwamba watu wa Kisimani, wakiisha kuficha uchungu wao, waliwaalika mahasimu wao harusini, wakawazibia mlango kwa mawe hata wakafa, kisa kizito mno, cha kaumu mbili zilizokosa kutakana buriani. Maiti hawezi kuitikia. Basi nawasihi waandishi wenzangu, neno hili tulirudishe kwa walio hai, wawezao kusamehe na kusamehewa.