"Sista, umenawa?" Historia ya uchafu usioonekana wodini

Juzi tuliongelea kitovu cha mtoto na maoni yakajaa. Wengi mliuliza swali lilelile: bibi anasema hivi, mama mkwe anasema vile, na nyie manesi mnasema kingine kabisa. Tumsikilize nani? Leo sijibu haraka. Nawasimulia historia kwanza, nimeikata vipande sita ili usome huku unanyonyesha.

1. Naanza na aibu yangu

Nilikuwa nesi mpya, mwaka wangu wa kwanza leba, zamu ya usiku. Wazazi wengi, sisi wachache. Nimetoka kumhudumia mama mmoja, nikavua glovu, nikaenda moja kwa moja kwa mwingine aliyekuwa ananiita. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki pembeni. Akasimama, akaniambia taratibu: "Sista, samahani, umenawa?"

Nilikasirika. Mimi nimesoma, yeye kashika dekio, ataniuliza nini? Nikamjibu: "Mama, wewe fanya kazi yako, na mimi nifanye yangu." Akainama akaendelea kudeki. Nikavaa glovu mpya, nikaendelea.

Siku ya tatu yule mzazi wa pili akapanda homa. Alitundikiwa dripu, akachomwa sindano, akapona, akarudi nyumbani na mwanae. Siwezi kuwaambia kwamba ni mkono wangu, maana homa baada ya kujifungua ina njia nyingi. Ila siwezi kuwaambia kwamba siyo. Hilo ninalo mpaka leo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

2. Wodi mbili za Vienna

Twende Austria, mjini Vienna, miaka ya 1840. Hospitali kuu ya mji ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilihudumiwa na wakunga na wanafunzi wao. Wodi ya kwanza ilikuwa inaua. Kati ya 1841 na 1846, katika kila wazazi 100 wa wodi ya kwanza walikufa karibu 10, na katika wodi ya pili karibu 4. Ugonjwa ulikuwa homa ya uzazi: mama anajifungua salama, halafu baada ya siku chache anawaka moto, tumbo linauma, anaondoka.

Sasa sikilizeni hili. Wanawake wa Vienna walikuwa wanajua. Wodi zilipokea kwa kupokezana siku, na mama akifika siku ya wodi ya kwanza alipiga magoti akilia apelekwe ya pili. Wengine walijifungulia njiani, na wale wa njiani wakawa wanapata homa hiyo mara chache kuliko waliojifungulia ndani! Wakubwa wa hospitali walisema ni hewa mbaya, ni msongamano, ni hofu ya wanawake wenyewe.

Daktari mmoja kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, hakulala. Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kisu na mwanafunzi kwa bahati mbaya wakati wanapasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya mwili wake akaona ni yaleyale ya wale wazazi. Hapo akaelewa. Madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka chumba cha maiti asubuhi na kwenda kupima njia za wazazi. Wakunga hawakupasua maiti.

Walikuwa wananawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mkononi. Vijidudu havikuwa vinajulikana bado, kwa hiyo Semmelweis alifuata pua yake. Katikati ya Mei 1847 akaweka beseni la maji ya chokaa yenye klorini, ndugu wa karibu wa jiki tunayodekia leo, na akaamuru kila mtu anawe humo kabla ya kumgusa mzazi. Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Juni walikufa 2. Mwaka uliofuata kuna miezi hakufa hata mmoja.

Oktoba 1847 akajifunza jambo la pili. Alilazwa mama mwenye saratani ya kizazi inayotoa usaha, na kila raundi ilianzia kwenye kitanda chake. Baada ya kumpima waliona sabuni inatosha, wakaendelea na wengine. Kati ya wazazi 12 waliokuwa wanajifungua wakati ule, 11 walifariki. Kumbe hatari haitoki kwa maiti peke yake. Inatoka kwa mgonjwa aliye hai pia, inabebwa na mkono kwenda kwa mwenzake. Kila nikisoma kisa hiki naona kile kitanda cha kwanza na cha pili cha zamu yangu.

3. Kwa nini walikataa?

Mngedhani dunia nzima ilishangilia. Wapi! Na Semmelweis hakuwa wa kwanza kusema. Mwaka 1795 huko Aberdeen, Uskoti, Daktari Alexander Gordon aliandika kwamba homa ya uzazi inabebwa na madaktari na wakunga, na akakiri kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wanawake wengi. Watu wa mji wakamchukia. Mwaka 1843 huko Boston, Marekani, Oliver Wendell Holmes akasema hayohayo. Daktari mkubwa wa uzazi wa Philadelphia, Charles Meigs, akampinga: madaktari ni waungwana, na mikono ya muungwana ni misafi.

Hapo ndipo penye tatizo, mama zangu. Kwa watu wa wakati ule, uchafu ulikuwa wa maskini. Uchafu ni wa mfua nguo, wa mzoa taka, wa mwanamke anayezalia wodi ya bure. Daktari aliyevaa koti lililokauka damu ya upasuaji alionekana mzoefu, siyo mchafu. Kumwambia "nawa" ilikuwa kumshusha cheo.

Semmelweis naye hakujua kusema na watu. Alichelewa kuandika kitabu chake mpaka 1861, na waliompinga akawaita wauaji. Agosti 1865 alifia katika nyumba ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka 47, kwa kidonda kilichoingiza maambukizi kwenye damu. Mwezi huohuo huko Glasgow, Joseph Lister alifunga mguu uliovunjika wa mtoto wa miaka 11 kwa kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, na mguu ukapona. Dunia ilianza kusikia, ila Semmelweis hakuiona siku hiyo.

4. Nani apige deki?

Sisi manesi tunamtaja sana Florence Nightingale na taa yake. Tunasahau mifereji. Alifika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854, na askari wengi walikuwa wanakufa kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Machi 1855 ilikuja tume ya usafi kutoka Uingereza: ikazibua mifereji ya maji machafu, ikaondoa mizoga, ikapaka kuta chokaa, ikafungua njia za hewa. Vifo vikashuka kwa kasi. Kazi kubwa pale ilifanywa na watu wenye koleo na ndoo.

Baadaye, katika kitabu chake cha uuguzi, Nightingale alihimiza nesi anawe mikono mara nyingi kwa siku. Na kuhusu kumwaga vyombo vya haja vya mgonjwa, aliandika kwamba anayekataa kwa kusema "siyo kazi yangu" hajaitiwa uuguzi. Nilisoma hayo chuoni nikafaulu mtihani, halafu nikaenda leba nikamwambia mtu "fanya kazi yako na mimi nifanye yangu".

5. Bibi, mama, na sisi

Tuje kwetu. Bibi zetu uchafu waliuona kwa macho na pua. Uwanja ulifagiliwa alfajiri kwa fagio la chelewa. Mzazi alikaa ndani arobaini, na siyo kila mgeni alishika mtoto. Hilo la kuzuia mikono mingi kwa mtoto lilikuwa jema sana. Lakini bibi huyohuyo aliweka majivu au kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu, kwa upendo kabisa, na pepopunda ikaondoka na watoto.

Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, halafu wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Muulize bibi au mama yako, huenda anakumbuka. Kizazi kile kilifundishwa kwamba usafi ni kazi ya kila mtu, msomi na asiye msomi.

Halafu ikaja sentensi ambayo wengi tumelelewa nayo: "Soma mwanangu, usije ukaishia kufagia." Mama yangu aliniambia hivyo akinitakia mema. Lakini sentensi ile ndiyo iliyonijibia usiku ule. Ilinifundisha kwamba mwenye fagio hana cha kuniambia.

Na sisi wa leo? Tuna vitakasa mikono kwenye mikoba, tangu korona. Ni vizuri, ila mkono wenye uchafu unaoonekana unataka sabuni na maji tiririka. Na glovu siyo kunawa. Inatoboka, na ukiivua vibaya mkono unachafuka. Unanawa kabla na baada.

6. Tufanye nini sasa?

Mkija kujifungua, muulizeni nesi au daktari, kwa upole: "Samahani, umenawa?" Una haki. Akinuna, atanuna na atanawa. Nyumbani, anayetaka kumshika mtoto anawe kwanza, hata kama ni shemeji aliyetoka safari na zawadi. Kitovu kiwe kisafi na kikavu, usipake kitu ambacho hujapewa na mtoa huduma. Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu unaonuka ukeni baada ya kujifungua, usisubiri arobaini iishe. Njoo siku hiyohiyo.

Na yule dada au mama wa usafi wodini, msalimieni. Msitupe pamba chini kwa sababu "yupo wa kuokota". Mtoto wako asimwone kama mfano wa kushindwa maisha.

Nilimrudia yule mama wiki ile ile, nikamwambia, "Mama, nisamehe, ulikuwa sahihi." Akasema, "Yameisha, mwanangu. Mimi nimezaa sita, mikono ya watu naiangalia." Tangu hapo tukiwa zamu moja aliniuliza kila usiku, na kila usiku nilimjibu.

Haya, niambieni kwenye maoni: kwenu bibi alikuwa anasemaje kuhusu kumshika mtoto mchanga? Wiki ijayo tutaongelea kufua nguo za mtoto. Lala salama, na kabla hujambeba huyo anayelia, nawa.