Theluthi: Safari ya Kipimo Kutoka Wasia Hadi Soko la Hisa

 

Miongoni mwa masuala yanayoletwa kwa maimamu siku hizi ni la Muislamu mwenye akiba ndogo anayetaka kununua hisa. Ameletewa jedwali la kompyuta: kila kampuni ina mstari wake, na mwisho wa mstari pameandikwa "halali" au "haramu". Anauliza: je, jedwali hili lanitosha? Ili ajibiwe sawasawa, hatuna budi kuitazama historia ya namba iliyojificha ndani ya jedwali hilo, nayo ni theluthi.

ASILI YA THELUTHI

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua huko Makka, mwaka wa Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria. Mrithi wake alikuwa binti mmoja tu. Akataka kutoa sadaka thuluthi mbili za mali yake, Mtume (s.a.w.) akamkataza, akataka nusu, akamkataza, akataja theluthi, akamruhusu, huku akimfahamisha kuwa hata hiyo theluthi ni nyingi.

Basi asili ya hadithi ni wasia katika mali ya halali. Baadaye mafakihi waliifanya theluthi kuwa mpaka baina ya kichache na kingi katika milango mingine. Imamu Malik, kwa mfano, aliitumia katika matunda yaliyouzwa yakapatwa na janga: likiharibika theluthi au zaidi, mnunuzi hupunguziwa bei. Kwa hiyo kuipeleka theluthi kwenye deni la kampuni ni kiasi, yaani ijtihadi ya wanazuoni wa zama zetu. Hakuna nassi juu yake.

JEDWALI NA WAISLAMU

Jedwali lenyewe si jambo geni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyefariki karibu na mwaka 850, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa hesabu za wasia na mirathi. Na kila mwanafunzi wa faraidh anajua namna masheikh wanavyopiga mistari ya jadwali katika munasakha, pale mrithi anapofariki kabla ya mali kugawanywa.

Ama kuzipima kampuni kwa uwiano wa hesabu, kitabu mashuhuri cha fani hiyo kilitolewa Marekani mwaka 1934 na Benjamin Graham na David Dodd, miaka mitano baada ya soko la New York kuanguka. Lengo lao lilikuwa usalama wa mtaji. Halali na haramu hayakuwa katika hesabu yao. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, jedwali la kompyuta linalojikokotoa lenyewe, na mwaka 1985 ikafuata Excel. Kazi iliyokuwa ya makarani wa mabenki ikawa mikononi mwa mtu wa kawaida.

KHITILAFU YA MAULAMAA

Mwaka 1992 Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilikutana Jeddah, ikakubaliana kuwa asili ya kununua hisa za kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini wakati mwingine hufanya riba ni haramu. Mwaka 1995 Majmaa ya Makka, iliyo chini ya Rabita, ikamkataza kununua hisa hizo anayejua kuwa baadhi ya miamala ya kampuni ni ya riba.

Wengine walitazama hali ya watu: kampuni zisizo na deni la riba ni chache mno, na kinachofuatwa ni kile kilicho kingi. Mwaka 1999 fahirisi ya Kiislamu ya Dow Jones ikaanza, ikiwa na bodi ya masheikh, na kipimo chake cha deni ni theluthi. Mwaka 2004 AAOIFI, taasisi ya viwango iliyoko Bahrain, ikatoa Kiwango cha 21. Nacho kinaanza kwa kukiri kuwa asili ni uharamu, kisha kinaruhusu kwa masharti: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana zenye riba zisizidi asilimia 30 vilevile, na pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato yote. Malaysia, iliyochapisha orodha yake ya kwanza mwaka 1997 kwa kutazama shughuli za kampuni, iliongeza mwaka 2013 kipimo cha asilimia 33, ikikigawanya kwa jumla ya mali.

Tazama hapa, ndugu msomaji. Wote wanataja theluthi au karibu yake, lakini theluthi ya nini? Tuseme kampuni ina deni la riba la shilingi bilioni 30, jumla ya mali bilioni 80, na thamani sokoni bilioni 120. Ukigawanya kwa mali, deni ni asilimia 37.5, imeshindwa. Ukigawanya kwa thamani ya soko ni asilimia 25, imepita. Kisha bei ya hisa ishuke kwa theluthi moja: thamani inakuwa bilioni 80, na kampuni iliyopita jana leo imeshindwa, ilhali haikukopa hata shilingi moja zaidi. Ndiyo maana Dow Jones hutumia wastani wa miezi 24, ili hukumu isiyumbe pamoja na bei.

WAJIBU WA MWENYE AKIBA NDOGO

Anayefuata kauli ya kukataza yuko katika usalama, wala asibezwe. Anayefuata kauli ya kuruhusu na aifuate pamoja na masharti yake yote. Achague kiwango kimoja kabla ya kulifungua jedwali. Kuhama kutoka kipimo hiki hadi kile mpaka hisa aliyoipenda ipite ni kutafuta rukhsa, na maulamaa wamelikemea hilo.

Aanze na kazi ya kampuni. Soko la hisa la Dar es Salaam lilipofunguliwa mwaka 1998, kampuni ya bia ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuorodheshwa, na ya sigara ikafuata mwaka 2000. Ya bia haihitaji hesabu hata ikiwa haina deni. Kisha achukue takwimu kutoka hesabu zilizokaguliwa, aandike tarehe yake, na arudie kila mwaka.

Mwisho ni kusafisha mali. Kampuni ikipata shilingi milioni 240 za haramu na ina hisa milioni 120, kila hisa ina shilingi 2. Mwenye hisa 500 atatoa shilingi 1,000 katika njia za kheri. Kwa mujibu wa AAOIFI hili humlazimu mwenye hisa mwisho wa mwaka wa hesabu, gawio litolewe au lisitolewe, wala fedha hiyo haihesabiwi kuwa zaka.

Basi imamu akiletewa jedwali na aulize mambo matatu: limefuata kiwango cha nani, limegawanya kwa nini, na hesabu ni za mwaka gani. Lisilojibu hayo halifai kutegemewa. Na lililojibu limefanya kazi ya karani. Kazi ya mufti, na hofu ya Allah katika moyo wa mnunuzi, bado ziko palepale.

Wallahu aalam.