Elimu ya Waute na Milima Yao

Waute ni wenyeji wa Milima ya Rocky, katika nchi ambayo sasa ni majimbo ya Colorado na Utah. Na jimbo la Utah limepata jina lake kwao. Kabla ya kupata farasi wa Wahispania katika karne ya 17, walisafiri kwa miguu, jamaa chache chache, wakifuata majira. Theluji ilipoyeyuka walipanda. Kulungu waliposhuka mabondeni, nao walishuka. Wageni waliowatazama kwa mbali walisema kuwa watu hawa wanatangatanga. Lakini kutangatanga ni kwenda bila ya kujua uendako, na Waute walijua.

Elimu hiyo haikutiwa vitabuni, ila sehemu yake imeandikwa juu ya miti. Katika bonde la San Luis, kando ya vilima vikubwa vya mchanga, kuna misonobari 72 yenye makovu mapana mashinani. Majira ya machipuko, utomvu unapopanda, ganda huachana na mti kwa wepesi. Na wakati huo huo akiba ya chakula cha baridi imekwisha na wanyama wamekonda. Ndipo Waute walipobandua ganda la nje, wakakwangua utando laini wa ndani, wakaula na kuufanya dawa. Walichukua upande mmoja tu, kwa kuwa mti uliobanduliwa pande zote hufa. Misonobari hiyo iliishi, ikaendelea kuongeza pete moja kila mwaka pembeni mwa kovu, hata wataalamu wa leo huhesabu pete hizo na kuujua mwaka wa kubanduliwa. Ni nadra mwanahistoria kupata shahidi aliye hai namna hii.

Dubu naye alikuwa mwalimu. Aamkapo katika usingizi wake wa baridi, ndipo Waute wachezapo Ngoma ya Dubu, nayo huchezwa hata leo. Mzizi uitwao osha, ambao dubu huutafuna, wao huutumia kwa kikohozi na maradhi ya kifua. Na kuna manyanga yao ya ngozi mbichi, yaliyotiwa vipande vya kwatzi: yakitikiswa gizani, mawe husuguana na kutoa mwanga.

Mwaka 1878 Nathan Meeker alipewa usimamizi wa kituo cha serikali cha White River. Alikuwa mwandishi wa magazeti aliyependa mno kilimo, na katika maisha ya Waute aliona uvivu tu. Mwaka 1879 aliamuru plau ipitishwe katika malisho ya farasi wao na uwanja wao wa mashindano. Ugomvi ulizaliwa hapo. Askari waliitwa, na mwezi wa Septemba Meeker aliuawa pamoja na watumishi wake. Si haki kumwita mtu mwovu. Kosa lake ni lile liwapatalo wasomi wengi, la kudhani kuwa lisiloandikwa halijulikani. Lakini gharama ya kosa hilo ililipwa hata na wasiohusika: mwaka 1881 Waute wa White River na wa Uncompahgre walihamishiwa Utah, mbali na milima waliyoijua.

Waute wa kusini walibaki Colorado. Mapatano ya mwaka 1873, yaliyowaondolea milima ya San Juan kwa ajili ya madini, yaliwaachia haki ya kuwinda humo. Na kwa haki hiyo wajukuu wao hupanda milima hiyo mpaka leo kuwinda kulungu.