Sunil Dutt: Mwigizaji aliyegeuza msiba wake kuwa msaada kwa wengine

Wapenzi wa filamu za Kihindi hapa Pwani wanamkumbuka Sunil Dutt kama Birju, yule mwana mkaidi wa Mother India (1957) anayepigwa risasi na mamake mwenyewe. Wachache wanajua kwamba nusu ya pili ya maisha yake aliitumia kusaidia wagonjwa wa saratani na kupatanisha watu.

Alizaliwa Juni 6, 1929 wilayani Jhelum, Punjab, sehemu ambayo sasa iko Pakistan. Alipewa jina Balraj. Babake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. India ilipogawanywa mwaka 1947 na watu wa dini tofauti wakauana, familia yake, iliyokuwa ya Kihindu, iliokolewa na Mwislamu aliyekuwa rafiki wa marehemu babake.

Alihamia Bombay, akasoma chuoni huku akifanya kazi kwenye kampuni ya mabasi ya jiji. Baadaye alikuwa mtangazaji wa Radio Ceylon, akiwahoji waigizaji mashuhuri. Filamu yake ya kwanza, Railway Platform, ilitoka 1955.

Wakati wa kutengeneza Mother India, moto ulimzingira Nargis, aliyeigiza kama mamake. Sunil aliingia ndani ya moto akamtoa. Walioana mwaka 1958. Nargis alikuwa wa familia ya Kiislamu, na jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid. Walijaaliwa watoto watatu: Sanjay, Namrata na Priya.

Nargis alipopatwa na saratani ya kongosho, alipelekwa New York kutibiwa. Alifariki Mei 3, 1981, akazikwa katika makaburi ya Waislamu Bombay. Familia ya Dutt ilikuwa na uwezo wa kuvuka bahari kutafuta tiba. Wagonjwa wengi wa India hawakuwa nao. Sunil alianzisha wakfu kwa jina la mkewe wa kusaidia hospitali na wagonjwa wa saratani wasiojiweza. Mwaka 1982 akatoa filamu Dard Ka Rishta, inayohusu mtoto mwenye saratani ya damu.

Alichaguliwa mbunge mwaka 1984. Mwaka 1987 alitembea kwa miguu takriban kilomita 2,000, kutoka Bombay hadi Amritsar, kuombea amani Punjab, na bintiye Priya alikuwa naye. Baada ya Msikiti wa Babri kubomolewa Desemba 1992 na ghasia kuzuka Bombay, aliwasaidia waathiriwa, wengi wao Waislamu. Alilaumiwa kwa hilo. Yeye akajiuzulu ubunge kupinga jinsi serikali ilivyoshughulikia ghasia hizo. Alirudi bungeni baadaye, na alifariki Mei 25, 2005 akiwa waziri wa vijana na michezo.

Hapa kwetu, mgonjwa wa saratani akihitaji kwenda India, tunachanga haraka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini akishapona au akishazikwa, mchango hufungwa, na familia inayofuata huanza upya. Sunil Dutt hakuufunga mlango baada ya mazishi ya mkewe. Sisi tunaoijua sadaka jariya tangu chuoni tuna sababu zaidi ya kuacha mfuko wa kudumu, hata kama ni mdogo, wa mtaa mmoja tu.