Kunyonyoka na Kunyonyolewa: Maneno na Historia ya Nywele Katika Mitaa ya Dar es Salaam

Mwanamke wa Temeke au wa Kinondoni aonapo nywele zake zimepungua kwenye panja, yaani pale pembeni mwa kipaji zinapoanzia nywele, husema, "Nywele zangu zinanyonyoka." Hasemi kwamba zinanyonyolewa. Tofauti hii ni ndogo kwa sikio, lakini naona kwamba historia ya miaka 60 na zaidi imejificha ndani yake.

Kunyonyoa ni kitenzi cha jikoni: kuku akiisha kumwagiwa maji ya moto hunyonyolewa manyoya. Katika kunyonyolewa yupo mtendaji, hata asipotajwa. Katika kunyonyoka hayupo. Jambo limejitokea lenyewe. Ni jozi ile ile ya chomoa na chomoka, ng'oa na ng'oka. Aliyepotewa na nywele kwa homa kali au kwa njaa hupatia asemapo zimenyonyoka. Lakini je, wote wasemao hivyo wamepatia?

Nyumba za mpango za Temeke na Magomeni zilipojengwa katika miaka ya 1950, ususi ulikuwa kazi ya uani. Msusi alikuwa shangazi, au dada, au jirani; asukwaye alikaa mkekani, kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya msusi. Nywele zilipakwa mafuta ya nazi au ya nyonyo, zikachanwa kwa chanuo la mti, zikasukwa zenyewe au kufungwa kwa uzi mweusi. Baada ya siku kadhaa zilifumuliwa. Na hapa lugha yastahili kutazamwa: mkeka husukwa na nywele husukwa, lakini nywele hazikukusudiwa kukaa zimesukwa daima kama mkeka, ndiyo maana kitenzi cha kufumua kinatumika siku zote sambamba na kile cha kusuka. Mtindo uitwao "twende kilioni", wenye mistari michache isukwayo upesi, haukuvuta ngozi sana. Sisemi kwamba ususi wa uani haukuwa na maumivu. Mimi nilisukwa hivyo utotoni, nikalia, nikaambiwa nivumilie.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Mawigi yalipigwa marufuku pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na wanawake wengine walishambuliwa na makundi ya vijana mjini. Hoja kuu zilikuwa za heshima na utamaduni wa taifa. Leo mtu aweza kutabasamu kwa uchungu, kwa kuwa wigi lina sifa moja iliyokosekana katika mengi yaliyolifuata: jioni huvuliwa. Baadaye ikaja kalikiti, zikaja dawa za kulainisha nywele, na zaidi ya yote zikaja rasta, yaani nywele za bandia zisukwazo pamoja na za asili. Rasta zina uzito. Tena zina bei, na aliyelipa fedha nyingi saluni hapendi kuzifumua mapema. Hukaa nazo mwezi, pengine miwili. Hivyo kufumua kukaachana na kusuka.

Matokeo yake madaktari wa ngozi wanayajua vema. Uchunguzi uliotolewa Cape Town mwaka 2007 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake wazima wamepungukiwa nywele kwa sababu ya kuvutwa, hali wanaume walikuwa kama 2 katika 100. Hatari huzidi msuko ukiuma, na huzidi tena nywele zilizotiwa dawa zikisukwa. Mvuto ukiondolewa mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, shina hugeuka kovu, wala hakuna mafuta yatakayoliamsha. Mafuta ya nazi hulinda unywele usipoteze protini wakati wa kuoshwa, na hiyo ni faida ya kweli, lakini hayaoteshi nywele. Hapa ndipo neno linapodhuru: asemaye "zinanyonyoka" hutafuta dawa ya kupaka, wala hauangalii mkono unaovuta. Wasusi wenyewe wana neno la tatu, kukatika, kwa nywele zivunjikazo katikati kwa moto au dawa, na wanalitenga vizuri.

Kunyonyoka kwa haki kupo pia. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams alieleza huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ugonjwa wa watoto waliokosa protini. Nywele za wagonjwa hao huwa chache, hugeuka rangi ya wekundu, na hutoka bila kuuma. Mama aliyejifungua naye hupukutikwa na nywele baada ya miezi mitatu hivi, nazo hurudi zenyewe. Na upungufu wa madini ya chuma waweza kuzipunguza. Katika mitaa yetu dawa yake yauzwa gengeni: dagaa, kunde, maharage, mchicha, matembele. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kupokea chuma. Chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia. Ila nywele hukua karibu sentimita 1 tu kwa mwezi, basi alaye vizuri leo asijitazame kiooni kesho.

Neno la kunyonyolewa sikulipata katika kamusi wala katika chuo nilikosomea ng'ambo. Nililipata Tandika, kwa msusi wa makamo asukaye barazani kwake. Alinishika kwenye panja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa umenyonyolewa na nani?" Nilitaka kumjibu kwamba zimenyonyoka zenyewe, nikaona haya. Akaanzisha mistari kidole kimoja nyuma ya panja, akailegeza, akaniagiza nirudi baada ya majuma mawili nije kufumua.