Darasa na Wodi: Historia ya Umahiri wa Kikazi katika Biostatistiki na Nafasi ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Neno "taaluma" katika Kiswahili limebeba maana mbili kwa pamoja: elimu ya chuoni, na kazi inayofanywa kwa elimu hiyo. Tunamwita mhadhiri "mwanataaluma", na papo hapo tunazungumzia "maadili ya taaluma" ya wauguzi na wahasibu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kueleza kwa Kiswahili tofauti iliyopo baina ya shahada ya umahiri inayomwandaa mwananadharia na ile inayomwandaa mtendaji hulazimika kwanza kutafuta istilahi. Makala haya yanatumia "umahiri wa kikazi" kwa ile ya pili. Biostatistiki, nayo, inachukuliwa kuwa ni matumizi ya mbinu za takwimu katika tiba, afya ya jamii na baiolojia.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba shahada hiyo ilikua pale ambapo darasa lilikaa karibu na kazi, na kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na kazi hiyo kwa miongo mingi kabla ya kuwa na darasa lake. Hoja hii ina uzito kwa yeyote anayeandaa mtaala wa aina hiyo leo, kwa kuwa mazoea ya kamati nyingi ni kuanza na orodha ya kozi.

Baltimore na London

Shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, ilianzishwa mwaka 1916 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller na kupokea wanafunzi mwaka 1918. Miongoni mwa idara zake za awali ilikuwa idara ya biometria na takwimu za vizazi na vifo chini ya Raymond Pearl. Pearl hakuwa mwanahisabati. Alikuwa mwanabaiolojia aliyewahi kuchunguza utagaji wa kuku katika kituo cha kilimo cha jimbo la Maine, na aliyepitia kwa Karl Pearson, London, kujifunza mbinu mpya za takwimu. Mwenzake Lowell Reed ndiye aliyekuwa mwanahisabati. Reed, pamoja na mwanaepidemiolojia Wade Hampton Frost, walibuni kielelezo cha kuenea kwa ugonjwa wa kuambukiza, na kwa muda mrefu kielelezo hicho kiliishi darasani kabla ya kuenea katika maandishi: wanafunzi walionyeshwa kwa gololi za rangi jinsi wagonjwa wa awamu moja wanavyozalisha wagonjwa wa awamu inayofuata. Muungano huu wa mwanabaiolojia, mwanahisabati na mwanaepidemiolojia chini ya paa moja ndio uliokuwa mtaala wenyewe, kabla haujaandikwa.

London ilichukua njia inayofanana na hiyo. London School of Hygiene and Tropical Medicine ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1924, nayo pia ikisaidiwa na Wakfu wa Rockefeller, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1929. Major Greenwood (Major ni jina lake, si cheo cha kijeshi, ingawa wasomaji wengi hukosea) alikuwa profesa wa kwanza wa epidemiolojia na takwimu za vizazi na vifo. Aliyemfuata, Austin Bradford Hill, anastahili kutazamwa kwa kina zaidi. Aliugua kifua kikuu akiwa katika utumishi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na akiwa katika kupona alisoma shahada ya uchumi kwa njia ya posta. Hakuwa na shahada ya tiba wala ya hisabati. Mwaka 1937 alichapisha katika jarida la Lancet mfululizo wa makala za kuwafundisha madaktari takwimu, ambazo mwaka huohuo zilitoka zikiwa kitabu.

Miaka kumi na mmoja baadaye matokeo ya jaribio la streptomaisini, lililosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalichapishwa. Wagonjwa 107 wa kifua kikuu waligawanywa kwa nambari za nasibu zilizofichwa ndani ya bahasha: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake. Katika miezi sita walifariki wagonjwa 4 wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili. Hesabu inayohitajika kulinganisha idadi hizo mbili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza. Kazi ya Hill ilikuwa mahali pengine: katika kuhakikisha kwamba daktari anayempokea mgonjwa hawezi kujua wala kubadilisha kilichomo ndani ya bahasha. Ujuzi wa namna hiyo haufundishiki ubaoni pekee. Humjia mtu aliyeketi katika kikao kimoja na madaktari na kuona jinsi huruma inavyoweza kuharibu mgawanyo wa nasibu.

Kilichoigeuza biostatistiki kuwa ajira ya watu wengi ni sheria. Baada ya maafa ya dawa ya thalidomaidi, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1962 marekebisho yanayojulikana kwa majina ya Kefauver na Harris, yaliyozitaka kampuni za dawa kuthibitisha ufanisi wa dawa kwa utafiti wa kutosha uliodhibitiwa vyema. Tangu hapo kampuni zilihitaji watakwimu wa kutenda kazi, na shahada ya uzamivu ilikuwa ndefu mno kuwapata kwa idadi iliyotakiwa. Mwaka 1998 mwongozo wa kimataifa wa ICH, unaoitwa E9, uliandika wazi kuwa kazi zote za kitakwimu katika jaribio la tiba ziwe chini ya mtakwimu mwenye sifa na uzoefu unaofaa. Maneno hayo mawili, sifa na uzoefu, yamewekwa pamoja, na umahiri wa kikazi unapaswa kuyatimiza yote mawili.

Nairobi na Mwanza

Katika Afrika Mashariki kazi ilitangulia. Sensa ya mwaka 1948 katika Kenya, Uganda na Tanganyika ilisimamiwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, na katika idara hiyo alifanya kazi William Brass kuanzia mwaka 1948 hadi 1955. Tatizo lililomkabili lilikuwa la wazi: kuandikisha vizazi na vifo kulikuwa haba, hivyo kiwango cha vifo vya watoto hakikuweza kuhesabiwa kwa njia iliyozoeleka Ulaya. Mbinu iliyokuja kubeba jina lake hutumia majibu ya akina mama kwa maswali mawili tu: umezaa watoto wangapi, na wangapi wamefariki. Kwa kuyapanga majibu hayo kwa umri wa mama, makadirio ya vifo vya utotoni hupatikana. Brass aliondoka kwenda Aberdeen, kisha London, na huko ndiko alikofundisha vizazi vya wanademografia, wakiwemo Waafrika. Mwafrika Mashariki aliyetaka kujifunza mbinu iliyochipuka katika matatizo ya nyumbani kwao alilazimika kuifuata ng'ambo.

Mgawanyo huohuo wa kazi unaonekana katika kifua kikuu. Majaribio ya pamoja baina ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza kuhusu tiba fupi yalichapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa miezi sita ya dawa inaweza kuchukua nafasi ya tiba iliyokuwa ikidumu mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa walikuwa wa hapa, ilhali uratibu na uchanganuzi wa takwimu ulifanyika kwa sehemu kubwa London.

Ni kweli kwamba vyuo vya takwimu vilikuwepo. Kituo cha mafunzo ya takwimu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961, na taasisi ya takwimu na uchumi tumizi ya Makerere mwaka 1969. Lakini mwajiri aliyekusudiwa alikuwa serikali, nazo sensa, bei na mazao vilitawala mafunzo. Hospitali haikuwa upande wa pili wa barabara kama ilivyokuwa Baltimore.

Jaribio la Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, linaonyesha gharama ya umbali huo. Jumuiya 12 za vijijini zilipangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jumuiya moja ilipata huduma bora zaidi za kutibu magonjwa ya zinaa na nyingine ikasubiri. Watu wazima wapatao 1000 walifuatiliwa katika kila jumuiya. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jumuiya zilizohudumiwa na asilimia 1.9 katika nyingine. Mtu aliyefunzwa kwa kukariri kanuni angesema ana ushahidi kutoka kwa watu 12,000. Sivyo. Kilichogawanywa kwa nasibu ni jumuiya, na watu wa jumuiya moja hufanana kwa desturi, barabara, zahanati na wapenzi wao. Ushahidi, kwa hiyo, umo katika jozi sita, na nguvu yake inatokana na kwamba jozi zote sita zilielekea upande mmoja, jambo ambalo kwa bahati tupu, kama kurusha sarafu mara sita, lingetokea upande huo mara 1 kati ya 64. Jaribio la Rakai, Uganda, lililochapishwa mwaka 1999 na lililotibu watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kumi, halikuona tofauti. Wizara iliyotaka kuamua ifuate lipi ilihitaji mtu wa ndani anayeweza kuzisoma tafiti mbili hizo pamoja.

Mfano mwingine unagusa lugha yenyewe. Mwaka 1989 Brass na wenzake, Graham na Snow, walichapisha mbinu ya kukadiria vifo vya uzazi kwa kuwauliza watu wazima habari za dada zao. Vipengee vya kurekebishia hesabu hiyo vinategemea jinsi umri wa ndugu wa mama mmoja unavyotawanyika. Sasa, mtu wa Tanga au Morogoro akiulizwa ana "dada" wangapi atawaingiza mabinti wa mama mdogo na wa baba mkubwa, naye hajakosea kwa Kiswahili chake. Ni lazima dodoso liseme "waliozaliwa tumbo moja nawe". Mtakwimu ambaye hajasoma dodoso la Kiswahili hataliona kosa hilo katika jedwali, kwa kuwa idadi zitakaa sawasawa na kompyuta haitalalamika.

Kuandaa programu

Katika muongo uliopita madarasa yamesogea. Programu ya DELTAS Africa, iliyoanza mwaka 2015 kwa fedha za Wellcome na serikali ya Uingereza, iligharimia umoja wa mafunzo ya juu ya biostatistiki kusini mwa Sahara (SSACAB), ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Moshi, katika chuo kikuu cha tiba kilichopo KCMC, shahada ya umahiri katika epidemiolojia na biostatistiki tumizi inafundishwa kando ya wodi za hospitali ya rufaa. Kwa mizani ya historia iliyoelezwa hapo juu, ujirani huo ni rasilimali kubwa kuliko mhadhiri mmoja zaidi wa nadharia ya uwezekano.

Hata hivyo, ujirani wa majengo hautoshi. Umoja wa vyuo vikuu vya Australia, uliozindua shahada yake ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu hakuna chuo kimoja kilichokuwa na walimu wa kutosha, uliweka ndani ya mtaala jalada la miradi ya kazini: mwanafunzi alichanganua data za kweli za mwajiri na kuandika ripoti zake. Kwetu tasnifu bado ndiyo mtihani mkuu, na mara nyingi huandikwa kutokana na data zilizokwisha kusafishwa na kuwekwa wazi. Mwanafunzi huhitimu bila kuwahi kukataa ukubwa wa sampuli uliopendekezwa na daktari bingwa. Kumkatalia mkubwa kwa heshima ni sehemu ya kazi hii, na katika hospitali zetu, ambako mwenye koti jeupe hapingwi kirahisi, pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Kuhusu fedha, lawama dhidi ya utegemezi wa wafadhili wa nje zinahitaji kupimwa. Baltimore na London nazo zilisimama kwa fedha za mfadhili mmoja. Kilichowadumisha watakwimu wa Marekani baada ya ufadhili ni mahitaji yaliyoumbwa na sheria ya 1962. Nchini Tanzania mamlaka ya dawa na vifaa tiba tayari hupitia maombi ya majaribio ya tiba kabla hayajaanza, na kamati za maadili husoma itifaki za utafiti. Endapo kila itifaki ingetakiwa kumtaja mtakwimu mwenye sifa na uzoefu anayeishi na kufanya kazi nchini, kamati ya mtaala ingekuwa na mwajiri wa kuzungumza naye kabla ya kuandika kozi ya kwanza.